LAMI YA MAJI: KWA NINI HUPIMWA KABLA YA KUMWAGWA BARABARANI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanapewa hapa maelezo juu ya upimaji wa lami ya maji, yaani ile lami inayomwagwa bila ya kupashwa moto mkali, kisha ikafunikwa kwa kokoto ndogo ndogo ili kuziba uso wa barabara. Maelezo haya yamekusudiwa zaidi kwa wanaopokea mapipa ghalani na kwa wanaopita njiani siku ya kazi.

Lami ya kawaida ni nzito. Ili imwagike, hupashwa moto hadi kupindukia nyuzi 150 za sentigredi, au huzimuliwa kwa mafuta ya taa. Mwaka 1922 mkemia wa Kiingereza, Hugh Alan Mackay, aliomba hataza ya njia nyingine. Katika njia hiyo lami husagwa ndani ya mtambo ikawa matone madogo mno, nayo yakaelea ndani ya maji yaliyotiwa dawa mfano wa sabuni ili yasishikane. Ikimwagwa, matone huachana na maji na kuungana, na rangi hugeuka kutoka kahawia kuwa nyeusi. Lami ikiachana na maji mapema, hugandia ndani ya pipa. Ikichelewa, mvua moja huichukua yote mtaroni. Kwa hiyo kazi ya namna hii hufaa wakati wa kiangazi, si Masika.

Ugumu ni kwamba pipa zuri na pipa bovu hazitofautiki kwa macho. Kwa mujibu wa viwango vya Marekani, lami ya maji ya aina inayoachana haraka na iliyo nzito, ambayo hutumika sana kwa kokoto, haina budi kuwa na lami halisi isiyopungua asilimia 65 ya uzito wake. Hili hujulikana kwa kuchemsha sampuli mpaka maji yaishe na kupima uzito wa kinachobaki. Tuseme pipa lina kilo 200. Likiwa na asilimia 65, ndani yake mna kilo 130 za lami. Likiwa na asilimia 55, mna kilo 110 tu. Kilo 20 zilizopungua ni maji yaliyonunuliwa kwa bei ya lami, na kokoto zitakosa cha kuzishika.

Sampuli hupitishwa pia katika chekecheo laini, na mabonge yanayobaki juu yake hayatakiwi kuzidi asilimia 0.1, kwani mabonge huziba midomo ya gari la kumwagia na kuacha barabara ina michirizi. Uzito wa mmiminiko nao hupimwa kwa kuhesabu sekunde inazochukua sampuli kupita katika tundu maalumu: iliyo nyepesi hutiririka pembeni, iliyo nzito haienei sawasawa.

Jambo la umeme linatuhusu sana sisi wa visiwani. Matone ya lami huwa na chaji chanya au hasi, na mawe nayo yana chaji yake. Mawe ya chokaa, kama haya yetu ya uwanda yaliyotokana na matumbawe, hupatana na lami ya chaji hasi. Mawe magumu yenye asili ya mchanga huisukuma. Lami ya chaji chanya hushika aina zote mbili, na ndiyo sababu imeenea zaidi. Lakini hakuna lami inayoshika vumbi. Mawe yetu ni laini na hutoa unga mwingi, hivyo kokoto ni lazima zioshwe.

Baada ya hapo huja jaribio la ufagio. Lami na kokoto huwekwa juu ya duara, zikaachwa zikauke kwa muda maalumu, kisha brashi ya mtambo huzungushwa juu yake kwa dakika moja na kokoto zilizong'oka hupimwa uzito. Utafiti wa barabara kuu uliochapishwa Marekani mwaka 2011 ulitumia jaribio hili, ukaona kuwa kokoto huwa tayari kufagiliwa na kupitiwa bila ya mipaka pale ambapo takriban asilimia 85 ya maji yameshakauka. Hivyo saa za kusubiri hazipangwi kwa kukisia. Katika siku ya unyevunyevu huongezeka.

Wakuu wa maghala wanaombwa wasitie saini ya kupokea mapipa kabla ya sampuli kupimwa, na wayabiringishe yaliyokaa muda mrefu, kwa sababu lami hutuama chini. Wananchi wanaombwa wasiondoe vizuizi barabarani kwa kuwa tu lami imekwisha kuwa nyeusi. Wenye vyombo watakaoruhusiwa kupita waende polepole wala wasikate kona wala kufunga breki kwa ghafla, kwani kokoto inayorushwa na gurudumu wakati huo huacha tundu ambalo maji ya mvua yataingilia.