Mafuta ya Akiba Katika Gari la Chama

Katika msimu wa pamba gari la chama huacha lami na kuingia mbugani, katika udongo mweusi wa Usukuma ambao mvua moja tu huugeuza kuwa utelezi mtupu. Humo Landrova hutembea kwa gea nzito, na mafuta ambayo yangetosha kwenda na kurudi kwa barabara kuu huishia njiani. Ndipo mafuta ya akiba yanapohitajika, na ndipo hatari inapoanza, kwa kuwa gari hilo hilo aghalabu hubeba watu na pamba.

Kinachowaka hasa si petroli yenyewe bali mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Ukivuja haupai juu, bali hutambaa sakafuni na kutuama chini ya viti. Petroli hutoa mvuke hata penye baridi kali, sembuse katika jua la Mwanza. Kwa hiyo haina nafasi ndani ya gari wanamokaa abiria, wala kando ya pamba, hata safari ikiwa fupi. Dizeli haishiki moto upesi namna hiyo, lakini hiyo si ruhusa ya kuvuta sigara karibu nayo.

Chombo kinachofaa ni jerikeni la chuma la lita 20. Lilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930. Waingereza, ambao makopo yao dhaifu yalikuwa yakivuja ovyo katika jangwa la Afrika ya Kaskazini, waliliiga wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kifuniko chake hubanwa kwa komeo, na juu hubaki nafasi ya hewa. Nafasi hiyo si hasara: petroli lita 20, joto lake likipanda kwa nyuzi 20, huongezeka kwa karibu theluthi moja ya lita au zaidi kidogo. Dumu la plastiki lililokuwa la mafuta ya kula, likijazwa hadi mdomoni na kuzibwa kwa kipande cha nailoni, halina budi kuvuja.

Madereva wengi hupenda kufunga majerikeni kwenye keria. Petroli lita 20 ina uzito wa kilo 15 hivi, na jerikeni lenyewe kilo 4 hivi. Manne yanakaribia kilo 80 juu ya paa, katika gari linalovuka makorongo likiwa limeinama. Ni heri moja au mawili yasimamishwe katika kishikio cha chuma nje ya bodi na kukazwa kwa mkanda, mbali na bomba la moshi. Wakati wa kujazwa yashushwe ardhini kwanza.

Katibu ahakikishe kila jerikeni limeandikwa kwa rangi jina la mafuta yaliyomo. Petroli ikichanganyika na mafuta ya taa, na mchanganyiko huo ukatiwa katika koroboi, taa hulipuka. Na hapo anayeungua si dereva, bali ni jamaa ya mwanachama aliyeketi mezani.

Kwa safari ya Ukerewe kupitia kivuko cha Kisorya, inafaa majerikeni yavuke matupu na kujazwa Nansio. Vifuniko vibanwe hata hivyo, kwani jerikeni lililomwagwa petroli hubaki na mvuke wa kutosha kuwaka.