Bloku Sita ni Umbali Gani?

Miaka kadhaa iliyopita daktari mmoja wa mifupa, ambaye tulisoma naye shule ya upili, alibisha hodi ofisini mwangu akiwa na karatasi mbili mkononi. Yeye na wenzake walikuwa wakiwafuatilia wagonjwa waliopasuliwa nyayo na vifundo vya miguu, wapate kujua upasuaji ule ulikuwa umewafaa kiasi gani. Maswali yalikuwa kwa Kiingereza na wagonjwa wengi hawakukijua Kiingereza. Je, ningeweza kumtafsiria? Nikamjibu kwa majivuno ya kiualimu kwamba karatasi mbili ni kazi ya alasiri moja. Ndugu msomaji, kazi ile ilinichukua majuma matatu, na hadi leo sina hakika kwamba niliimaliza.

Karatasi zile zilikuwa ni kipimo kilichotungwa na chama cha madaktari wa nyayo na vifundo wa Marekani, kikachapishwa mwaka wa 1994. Mgonjwa hutahiniwa na kupewa alama kati ya sifuri na 100. Alama 40 ni za maumivu, 50 ni za utendaji kazi wa mguu, na 10 zinazobakia ni za unyoofu wa mguu wenyewe. Mwalimu yeyote aliyewahi kuketi na rundo la karatasi za mtihani na kalamu nyekundu ataielewa raha ya mpango kama huo. Mwishoni hupatikana tarakimu moja, na tarakimu haibishani na mtu.

Kilichonikwaza ni swali la mwendo. Mgonjwa huulizwa anaweza kutembea bloku ngapi. Akipita sita hupata alama zote tano. Asipofika hata moja hapati kitu. Bloku hapa ni kitalu cha majumba baina ya barabara mbili katika miji ya Marekani. Kwetu neno hilo lina kazi nyingine. Kuna bloku za kujengea nyumba, na kuna bloku ya madarasa shuleni. Ukimwuliza mkulima iwapo anaweza kwenda bloku sita, yamkini atadhani unamtuma akabebe mawe. Isitoshe, hata huko kwao bloku si kipimo kimoja. Katika mtaa wa Manhattan jijini New York, ukielekea kaskazini, bloku 20 hivi hufanya maili moja, ilhali ukikata kwenda mashariki au magharibi bloku moja huweza kuwa na urefu wa mara tatu. Nilipendekeza tuandike mita. Daktari akacheka, akasema wagonjwa wake hawatembei na utepe wa fundi.

Basi tukaafikiana niende naye kliniki, katika hospitali moja ya Pwani, nikayajaribu maswali yangu kwa wenye miguu.

Wa kwanza alikuwa mama wa makamo kutoka milima ya Taita. Alikuwa ameteleza akiwa na mzigo wa kuni, kifundo kikavunjika, akapasuliwa na kutiwa vyuma na skrubu. Daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akatabasamu jinsi mwalimu atabasamuvyo akutanapo na insha isiyo na kosa. Mfupa ulikuwa umeunga sawasawa. Nikamwamkia yule mama, kisha nikamwuliza kwa Kiswahili changu cha chuo kikuu:

“Mama, unaweza kutembea mwendo gani bila kupumzika?”

“Kwenda wapi, mwalimu?”

Sikuwa na jibu. Karatasi haikusema kwenda wapi. Nikamwambia popote. Akanitazama kwa huruma.

“Kupanda napanda,” akasema. “Kuteremka ndiko kunakonishinda. Na soko liko chini.”

Katika karatasi ile, miteremko, ngazi, na ardhi yenye mashimo vimefungwa pamoja katika swali moja lenye alama tano. Mwenye taabu kidogo hupata tatu. Maana yake ni kwamba Taita nzima, kutoka kilele hadi soko la Mwatate, ilimpunguzia mama huyu alama mbili tu. Naye daktari alinieleza sababu ya taabu yake kwa uwazi. Mtu anapoteremka, kifundo hulazimika kukunjika zaidi kuliko katika uwanda, na kifundo kilichovunjika aghalabu hubaki kigumu hata kama mfupa umepona. Eksirei huuonyesha mfupa. Ugumu hauonekani katika picha.

Nakiri kwamba kabla ya siku hiyo sikuwahi kulifikiria sana neno “kupona”. Katika Kiswahili jeraha hupona, mtu hupona, na hata aliyekoswa na gari hupona. Daktari na mgonjwa wanaweza kulitamka neno hilo kwa pamoja, kila mmoja akiwa na maana yake, wakaagana kwa furaha bila ya kuelewana hata kidogo.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani na chini. Duniani hutokea kwa takriban mtoto mmoja katika kila 1,000, wavulana wakiwa karibu maradufu ya wasichana, na kwa nusu hivi ya watoto hao nyayo zote mbili huwa zimepinda. Tiba yake ina historia ndefu. Hippocrates wa Ugiriki ya kale aliandika juu ya kuzinyosha kwa mkono na kuzifunga kwa vitambaa. Katika karne ya 19 Mjerumani Stromeyer alianza kuikata kano ya nyuma ya kisigino kupitia tundu dogo la ngozi. Mwaka wa 1836 alimpasua hivyo tabibu Mwingereza, William John Little, ambaye mwenyewe alikuwa na mguu uliopinda. Little alirejea London akitembea vizuri zaidi, akaanzisha huko hospitali ya maradhi ya aina hiyo.

Katika karne ya 20 visu viliongezeka makali na ujasiri. Kuanzia miaka ya 1970 ilikuwa desturi katika nchi tajiri kuufungua mguu wa mtoto mchanga kisigino hadi wayo, kuzikata kano na mishikizo ya viungo, na kuipanga mifupa mahali pake. Matokeo yalikuwa ya kupendeza. Mtoto wa mwaka mmoja alitoka na wayo ulionyooka, wazazi wakashukuru, picha zikapigwa. Nani angeuliza zaidi?

Aliyeuliza zaidi ni Ignacio Ponseti. Alizaliwa mwaka wa 1914 katika kisiwa cha Menorca, Uhispania, akawatibu majeruhi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, akakimbilia Ufaransa, kisha Mexico, na mwaka wa 1941 akafika Iowa, Marekani. Huko aliwatazama watu wazima waliokuwa wamepasuliwa utotoni, akakuta nyayo ngumu, dhaifu, zenye maumivu. Akatunga njia nyingine. Kila juma mguu wa mtoto hunyoshwa polepole kwa vidole, kisha hufungwa plasta kuanzia mapajani. Baada ya plasta tano, sita au saba hivi, wayo huwa umegeuka. Kwa watoto wengi hubaki jambo moja, nalo ni kuikata ile kano ya kisigino kwa tundu dogo, kama alivyofanya Stromeyer, na kufunga plasta ya mwisho kwa majuma matatu, ambapo kano hujiunga tena ikiwa ndefu zaidi. Baadaye mtoto huvishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa fito ya chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu hadi afikie umri wa miaka minne hivi.

Ponseti alichapisha matokeo yake mwaka wa 1963, na wenzake wengi wakampuuza. Plasta haina fahari ya kisu. Lakini yeye alikuwa na subira. Mwaka wa 1995 madaktari wawili wa Iowa, Cooper na Dietz, walichapisha habari za watu 45 waliotibiwa kwa njia hiyo yapata miaka 30 kabla. Hawakuuliza kama nyayo zao zilikuwa nzuri katika picha. Waliuliza kama zinauma, na kama zinawazuia kufanya shughuli zao. Watu 78 katika kila 100 walikuwa na matokeo mema au bora. Miongoni mwa watu waliozaliwa na miguu mizima walikuwa 85. Tofauti ndogo kiasi gani! Mwaka wa 2006 ikachapishwa habari ya kundi jingine, la waliopasuliwa kwa upana utotoni na kufuatiliwa kwa muda kama huo. Wengi wao walikuwa na nyayo ngumu zenye baridi yabisi ya viungo, na kadiri kisu kilivyokwenda mbali ndivyo mguu ulivyodhoofika. Watoto wale wa picha nzuri walikuwa wamefika umri wa kujibu wenyewe.

Njia ya plasta ilifika kwetu pia. Ponseti alifariki mwaka wa 2009, akiwa ameshuhudia Uganda ikiifundisha kwa matabibu wake, na Malawi ikionyesha mwaka wa 2005 kwamba tabibu asiye daktari wa upasuaji anaweza kuifanya vyema. Ugumu uko katika vile viatu vya fito. Wazazi wakiviacha, mguu aghalabu hurudi ulikokuwa. Ni rahisi kuwalaumu. Lakini mama aliyezungukwa na majirani wanaomwuliza kwa nini anamfunga mwanawe kama mbuzi anahitaji maelezo katika lugha aifahamuye, wala si kijikaratasi cha Kiingereza alichopewa mlangoni.

Na hapa naomba niwageukie walimu na wanafunzi kwa neno moja la fani yangu. Kiswahili kimewaweka kilema, kiwete, kiziwi na kipofu katika ngeli ya vitu, ingawa viambishi vya upatanisho huwarejesha kwa watu: twasema “kipofu amefika”, hatusemi “kimefika”. Kiguu naye yumo humo, na ni ajabu kwamba “kiguu na njia” ndiye tunayemwita mtu asiyetulia nyumbani. Siku hizi twafundisha “mtu mwenye ulemavu”, na Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 54, inataka watu hao watajwe kwa namna isiyowadunisha. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Hata hivyo, nimewaona wanaolitamka jina jipya kwa ufasaha mkubwa na wasiwahi kumwuliza mwenye jina mguu wake u hali gani.

Turudi kwenye karatasi. Baadaye niligundua kwamba mwaka wa 2011 chama kile kile cha Marekani kilikuwa kimewashauri madaktari waache kukitumia kipimo chake, kwa kuwa hakikuwa cha kutegemewa. Rafiki yangu hakuwa na habari, na hakuwa peke yake. Kwingi duniani kiliendelea kutumiwa kana kwamba hakuna lililosemwa. Kuna vipimo vipya zaidi ambavyo mgonjwa huvijaza mwenyewe. Ni bora, japo navyo huuliza habari za ngazi na viatu kwa wingi kuliko habari za kuchutama shambani au kuketi kwenye mkeka kwa ajili ya sala.

Mahali pa bloku niliandika hatimaye: “Taja mahali unapokwenda mara kwa mara kwa miguu. Je, unafika? Unarudi?” Daktari alilalamika kwamba jibu la swali hilo halina alama. Tukagombana kidogo, kisha akakubali liwekwe chini kabisa, likifuatwa na mistari mitatu mitupu na swali jingine: kazi gani uliyokuwa ukiifanya kabla ya kuumia ambayo sasa huifanyi?

Nililijaribu kwa yule mama wa Taita kabla hajaondoka.

“Andika soko,” akasema.

“Ni nani anayekwenda sokoni sasa, mama?”

“Binti yangu. Kila siku ya soko.”

“Yuko darasa la ngapi?”

“La saba.”

Nikaandika. Mistari mitatu haikutosha, nikaendelea nyuma ya karatasi.