Lowassa, vyama viwili na mlango mmoja

Edward Lowassa alizikwa Monduli tarehe 17 Februari 2024 akiwa mwanachama wa CCM, chama alichokihama Julai 2015 na kukirudia Machi 2019. Kwenda huko na kurudi kumezungumzwa sana Arusha, na karibu kila mara kama habari ya tabia ya mtu: wengine husema alikuwa na uchu wa Ikulu, wengine husema alitoswa na marafiki aliowabeba. Kwa maoni yangu tunaanzia mahali pasipofaa. Kabla ya kuuliza moyo wa Lowassa ulikuwa wapi, tuulize sheria ilimwachia njia ipi. Ilimwachia moja tu, na uchungu wa habari hii ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa serikalini wakati njia ya pili ilipokuwa ikizibwa.

Alizaliwa Monduli mwaka 1953, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza. Aliongoza AICC, kituo cha mikutano cha Arusha, kabla ya kuingia bungeni mwaka 1990. Alipita wizara kadhaa, lakini kazi ninayoipa uzito kuliko zote ni ya Wizara ya Maji na Mifugo kati ya 2000 na 2005. Hapo ndipo serikali ilipoanza kuvuta maji ya Ziwa Victoria kuyapeleka Kahama na Shinyanga, bila kuiomba ruhusa Misri, ambayo ilikuwa bado inashikilia mkataba wa mto Nile wa mwaka 1929, uliofungwa na Waingereza wakati nchi hii ikiwa mikononi mwao. Mei 2005 akatangaza kuvunjwa kwa mkataba wa City Water, kampuni ya maji ya Dar es Salaam iliyokuwa na mkono wa Biwater ya Uingereza. Mwishoni mwa mwaka huo akawa Waziri Mkuu, na Februari 2008 akajiuzulu kwa sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, baada ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe kusoma ripoti yake. Hakuwahi kushtakiwa mahakamani kwa jambo hilo.

Mtu huyu alifungamana na watu kwa kamba nyingi. Kwa Wamaasai alikuwa laigwanani, kiongozi wa kimila, kanisani alikuwa Mlutheri, na ndani ya CCM alikuwa nguzo ya mtandao uliomwingiza Jakaya Kikwete Ikulu mwaka 2005. Katika kamba zote hizo, Katiba inaitambua moja tu. Ibara ya 39 inataka mgombea urais awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Ibara ya 67 inamtaka mbunge vivyo hivyo. Na ya 71 inamvua ubunge anayekiacha chama chake. Wenzetu Waingereza, ambao tulirithi kwao mengi ya Bunge letu, hawaendi hivyo. Winston Churchill aliwaacha Wahafidhina mwaka 1904 akavuka kwenda kukaa na Waliberali, na kiti chake hakikutangazwa wazi. Miaka ishirini baadaye alikuwa amerudi kwa Wahafidhina na kupewa wizara ya fedha. Mwaka 2024 Jeremy Corbyn, aliyewahi kukiongoza chama cha Labour, alishinda Islington North kama mgombea binafsi.

Hapa kwetu mgombea binafsi ana historia ndefu. Mwaka 1994 Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu kesi ya kudai haki hiyo, na mwaka huohuo serikali ikapeleka bungeni marekebisho ya Katiba yaliyokuwa yanaifuta haki aliyoipata. Lowassa alikuwa Waziri wa Ardhi. Mwaka 2006 Mtikila akashinda tena, serikali ikakata rufaa; Lowassa alikuwa Waziri Mkuu. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge. Mtikila hakukata tamaa. Alikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapahapa Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba kumlazimisha raia kupitia chama kunavunja haki zake, ikaiagiza Tanzania irekebishe sheria. Sheria haikurekebishwa.

Ndiyo maana Mei 2015, Lowassa alipotia nia mbele ya umati katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, safari yote ilikuwa mikononi mwa kamati moja ya chama. Julai jina lake likakatwa Dodoma. Kilichofuata kilivigharimu vyama vyote viwili. Chadema, iliyomweka katika orodha yake ya mafisadi mwaka 2007, ilimpokea na kumpa bendera ya Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, na katibu mkuu wake, Dk. Willibrod Slaa, akaondoka. Lowassa alipata kura 6,072,848, karibu asilimia 40, na majimbo ya Arusha Mjini, Monduli na Arumeru yote mawili yakaenda Chadema.

Wapo watakaosema kura zile zilikuwa za upinzani, si zake. Hoja hiyo ina nguvu: Slaa naye mwaka 2010 alipata zaidi ya robo ya kura bila Lowassa, na Arusha Mjini ilikuwa Chadema tangu mwaka huo. Lakini Monduli haikuwa hivyo. Ilihama pamoja naye. Wengine wanahofia kwamba mgombea binafsi atafungua mlango kwa kabila na fedha, na jimbo lenye laigwanani lingekuwa mfano wa kwanza. Hofu hii naiheshimu, ila chama hakijawahi kuwa kinga yake. Fedha na ukoo tumeviona kwenye kura za maoni za vyama vyenyewe. Kenya imeruhusu wagombea binafsi tangu Katiba ya 2010, na wanaoshinda ni wachache kati ya majimbo 290. Na watu wa Meru walijua kuchagua msemaji kabla TANU haijazaliwa: mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama Umoja wa Mataifa kutetea ardhi ya Engare Nanyuki kwa kutumwa na Wameru, si na chama cha siasa.

Hoja nzito kuliko zote ni ile inayomgusa Lowassa mwenyewe: mtu aliyekaa barazani mlango ukifungwa hana haki ya kulalamika kwamba umefungwa. Nakubali. Yeye hana haki hiyo, lakini mpiga kura anayo. Mwaka 2025 Chadema ilipozuiwa kushiriki uchaguzi, makada wake waliotaka kugombea ilibidi wahamie vyama vingine, wengi wao CHAUMMA. Walichokifanya kina sura ileile ya Julai 2015. Wala njia ya Mtikila hawakuwa nayo tena: miezi minane baada ya Lowassa kurudi CCM, Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia wake kufungua kesi moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika. Mahakama yenyewe bado iko Arusha, na ibara ya 39 na ya 67 zinasomeka leo kama zilivyosomeka siku ya hukumu ya Mtikila.