Mars: Nyumba Huku, Maji Kule

Kule kwetu Nyamira, ukimwonyesha magokoro ploti, atakuuliza kitu kimoja: "Chemchemi iko wapi?" Nyumba ziko juu mlimani, maji yako chini bondeni, na mtungi unapandishwa kichwani. Sasa nikisikia watu wanataka kuhamia Mars, nami nauliza vivyo hivyo.

Nyumba ipo: mapango. Lava ikitiririka, juu inapoa na kuwa ngumu, ndani inaendelea kukimbia hadi linabaki handaki tupu. Hapa Kenya, nenda Suswa ujionee. Mwaka 2007 wanasayansi walitangaza mashimo saba kwenye mlima Arsia Mons, huenda ni milango ya mapango. Ukijificha humo, mionzi hatari inapungua.

Maji je? Mwaka 2008 chombo Phoenix cha NASA kilikwangua udongo, kikakuta barafu sentimita chache tu chini. Mvuke wa hewani hupenya udongo ukaganda. Barafu nyingine ni theluji ya kale iliyofunikwa na vumbi.

Shida iko hapa: Phoenix ilitua karibu na ncha ya kaskazini. Arsia Mons iko karibu na ikweta. Magokoro angecheka tu: na mtungi atabeba nani?