Mwanariadha naye ana darasa: kazi ambayo wengi wetu hatuijui

Kila mwaka vijana wa Kenya na nchi jirani huingia vyuo vya Marekani kwa udhamini wa riadha. Njia hiyo si ngeni. Mwaka 1978 Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Mtanzania Suleiman Nyambui naye alikuwa akisoma University of Texas at El Paso alipotwaa medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980.

Habari za medali tunazijua. Tusichokijua sana ni nani anayekaa na kijana huyo usiku, miguu ikimuuma na mtihani ukiwa kesho. Kazi hiyo ipo, ina mshahara, na tunaamini wapo ndugu zetu huku ughaibuni wanaoifaa.

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kina vyuo wanachama wapatao 1,100 na wanamichezo zaidi ya nusu milioni. Wengi mno kati yao hawatalipwa kamwe kwa kucheza baada ya chuo. Ndiyo maana vyuo vikubwa vina ofisi nzima za kuwahudumia: washauri wa masomo, walimu wa masomo ya ziada, wasimamizi wa kanuni, na walezi wanaowaandaa kwa maisha ya baada ya michezo.

Mshauri hupanga ratiba ili darasa lisigongane na mazoezi. Hufuatilia alama. Katika daraja la kwanza la NCAA, mwanafunzi anayeanza mwaka wa tatu lazima awe amemaliza asilimia 40 ya masomo ya shahada yake. Mwaka wa nne, asilimia 60. Kwa kijana kutoka kwetu kuna jambo jingine: akipunguza masomo bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, viza yake nayo iko hatarini. Mtu wa kumweleza hayo mapema, kwa lugha anayoielewa, anaweza kumwokoa asirudishwe nyumbani.

Je, kazi hii ni nyepesi? Hapana. Mara nyingi mshauri analipwa na idara ile ile ya michezo inayotaka kijana akimbie Jumamosi. Kishawishi ni kumpeleka kwenye masomo rahisi ili tu aruhusiwe kushindana. Ripoti iliyotolewa mwaka 2014 kuhusu chuo kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill ilionyesha kwamba kwa miaka 18 wanafunzi zaidi ya 3,100, karibu nusu yao wanamichezo, walipitia madarasa yasiyokuwa na mafundisho ya kweli. Mary Willingham, aliyekuwa akiwasaidia wanamichezo kusoma chuoni hapo, ni mmoja wa waliolisema jambo hilo hadharani.

Kwa hiyo anayetaka kazi hii ajiulize kwanza: siku kocha atakapotaka moja na kijana akahitaji jingine, nitasimama upande gani? Sally Kipyego alisomea uuguzi Texas Tech, fani isiyo na huruma na ratiba, na bado akachukua mataji tisa ya NCAA. Kwamba kijana anakimbia si sababu ya kumnyima fani anayoitaka.

Njia ya kuingia iko wazi. Wengi huanza kwa kufundisha masomo ya ziada kwa saa, hata wakiwa bado wanafunzi. Kisha huchukua shahada ya pili ya ushauri nasaha, elimu ya juu au uongozi wa michezo, wengine wakiwa wasaidizi wa idara hizo na kupunguziwa ada. Si lazima uwe umekimbia, ingawa waliokimbia hurudi pia: Paul Ereng, bingwa wa mita 800 wa Seoul 1988, alirudi vyuoni kama kocha huko El Paso.

Sisi tuliofika ugenini bila mwenyeji tunajua thamani ya mtu mmoja anayekusomea barua ya ofisi na kukuambia ukweli wake. Mzazi uliyeko Eldoret au Arusha, mwanao akipata udhamini, usiulize jina la kocha tu. Uliza pia nani atamsimamia darasani, na wanamichezo wangapi wa chuo hicho humaliza shahada.