Nyumba za Wanyama wa London: Tangu Kiboko wa Nili Hata Mbega wa Leo

Mtu aliyezaliwa kando ya mto Rufiji au Tana hahitaji kulipa hata senti moja ili amwone kiboko. Kazi yake ni kumwepuka, na kukesha shambani asije akaumaliza mpunga. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, huenda mkacheka mkisikia kwamba mwaka 1850 watu wa London walisukumana mlangoni kwa maelfu ili wamwone kiboko mmoja tu, tena mtoto, ambaye saa nyingi alikuwa amelala usingizi. Walakini msicheke upesi. Habari za bustani ile ya wanyama, iliyo katika Regent's Park, zamgusa kila mtu mwenye kufuga, awe amefuga simba au mbuzi wawili nyuma ya jiko.

Chama cha elimu ya wanyama cha London kilianzishwa mwaka 1826. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Sir Stamford Raffles, yule aliyeifanya Singapore kuwa bandari ya Waingereza. Naye alikufa mwaka uo huo, asiione bustani aliyoitamani. Ilifunguliwa mwaka 1828, lakini wakati ule walioingia ni wanachama na wageni wao. Watu wote kwa jumla hawakuruhusiwa kuingia kwa kulipa kiingilio mpaka mwaka 1847.

Kabla ya hapo wafalme wa Uingereza waliwaweka wanyama wao katika ngome iitwayo Mnara wa London, tangu karne ya 13. Mfalme Henry III alipewa dubu mweupe, na watu wakawa wanamfunga kamba ndefu ili avue samaki katika mto Thames. Pengine dubu yule aliishi vizuri kuliko wengi waliomfuata! Wanyama wa ngome wakahamishiwa Regent's Park katika miaka ya 1830.

Shabaha ya chama siku zile ilikuwa kupata namna nyingi za wanyama kadiri iwezekanavyo: mmoja wa hiki, wawili wa kile, kama mtoto anayekusanya stempu. Bustani ina ekari 36 tu, basi vizimba vilijengwa vidogo na kukaribiana. Mwaka 1849 ikajengwa nyumba ya nyoka na mijusi, mwaka 1853 nyumba ya samaki, ambayo ilikuwa ya kwanza duniani kufunguliwa kwa watu wote, na mwaka 1881 nyumba ya wadudu.

Yule kiboko mtoto aliitwa Obaysch, kwa jina la kisiwa cha mto Nili alikokamatwa. Abbas Pasha, mtawala wa Misri, alimtoa, naye akapewa mbwa wa kuwindia. Kiboko akasafirishwa pamoja na ng'ombe na mbuzi wa kumpatia maziwa, na mtunzaji wake Mwarabu alilala karibu naye ili asilie. Kwa sababu yake, idadi ya wageni wa bustani iliongezeka maradufu mwaka ule. Aliishi mpaka 1878.

Kiboko yule alibahatika. Wanyama wengi wa nchi za joto hawakuishi hivyo, maana wakubwa wa bustani waliamini kwamba baridi ya Ulaya ingewaua. Wakawafungia ndani ya nyumba zenye majoko ya moto, milango na madirisha yakazibwa, na hewa ikawa nzito na chafu. Simba na nyani walikufa upesi wakaletwa wengine. Ajabu ni kwamba desturi hiyo iliendelea miaka mingi sana, ingawa waliokufa walikuwa wakihesabiwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Peter Chalmers Mitchell alianza kuipanga bustani upya. Alifungua milango. Wanyama wakatoka nje kwenye upepo na hata theluji, wakiwa na mahali pakavu pa kurudi. Na wengi, badala ya kufa, wakanawiri. Kumbe kilichokuwa kikiwaua zaidi ni ile huruma ya kuwafungia ndani.

Sasa nitaje ndovu ambaye jina lake limeingia katika lugha ya Kiingereza kuwa neno la kitu chochote kikubwa kupita kiasi. Jumbo alikamatwa angali mdogo katika nchi za Sudan, akapelekwa Paris, na mwaka 1865 akafika London. Asili ya jina lake inabishaniwa: wapo wasemao ni neno letu «jambo», na wengine husema ni «jumbe». Mchana alikuwa mpole, akawabeba watoto mgongoni, maelfu kwa maelfu. Usiku alikuwa kiumbe mwingine. Alipiga kuta za nyumba yake kwa hasira hata akavunja pembe zake. Mtunzaji wake, Matthew Scott, ndiye peke yake aliyeweza kumtuliza.

Wakubwa waliogopa kwamba siku moja atamuua mtu, wakamwuza mwaka 1882 kwa P. T. Barnum, Mmarekani mwenye sarakasi, kwa paundi 2,000. Uingereza nzima ikalia. Watoto wa shule wakamwandikia Malkia Victoria barua kumwomba azuie safari, lakini Jumbo alisafirishwa. Mwaka 1885 aligongwa na garimoshi huko St. Thomas katika Kanada, akafa. Mifupa yake ilihifadhiwa New York, na wataalamu walioichunguza katika miaka hii yetu wakaona kwamba meno yake hayakuota sawasawa, kwa kuwa alilishwa majani makavu laini na si magome na matawi magumu yanayosaga meno ya ndovu. Inawezekana, basi, kwamba ile hasira ya usiku ilikuwa maumivu ya meno. Watu waliomlilia walimpenda kweli, lakini katika maelfu yote yale hakuna aliyejua kwamba anaumwa.

Tena kuna jambo la kusikitisha zaidi. Siku hizo hizo za Jumbo, bustani ilikuwa na jike wa kwaga, jamaa wa punda milia wa Afrika ya Kusini, mwenye milia kichwani na shingoni lakini kahawia nyuma. Alipigwa picha chache kati ya miaka 1863 na 1870, nazo ndizo picha pekee za kwaga aliye hai zilizopo duniani. Alipokufa hakuna aliyeshtuka. Kwaga wa mwisho alikufa katika bustani ya Amsterdam tarehe 12 Agosti, 1883. Kukusanya kila namna hakukuwa kuilinda hata moja.

Fikira mpya kuhusu nyumba za wanyama zilitoka Ujerumani. Carl Hagenbeck, mfanya biashara ya wanyama wa Hamburg, alifungua bustani yake mwaka 1907 bila vyuma mbele ya simba: kati ya simba na watu palikuwa na handaki pana ambalo simba hawezi kuliruka. (Mtu huyu hakuwa mtakatifu, alipata mali pia kwa kuwaonyesha watu wa nchi za mbali kama anavyoonyesha wanyama.) London ikaiga. Kufika mwaka 1914 ilikuwa na milima ya zege, iitwayo Mappin Terraces, ambako dubu na mbuzi wa milimani walipanda na kushuka bila vyuma. Kisha Chalmers Mitchell akapata mashamba nje ya mji, huko Whipsnade, ekari zipatazo 600, na mwaka 1931 pakafunguliwa bustani ya pili ambamo makundi ya wanyama yaliweza kutembea.

Ungedhani baada ya hapo kosa la zamani lisingerudi. Lilirudi, ila safari hii lilivaa nguo nzuri. Mwaka 1934 mjenzi Berthold Lubetkin aliwatengenezea pengwini bwawa la zege jeupe, lenye umbo la yai, na njia mbili nyembamba zinazozunguka hewani bila nguzo. Wajenzi wa dunia nzima walilisifu, nalo kwa kweli lapendeza machoni. Lakini pengwini hutembea kwa nyayo tupu, hupenda kuchimba shimo la kutagia, na hutaka maji marefu ya kupiga mbizi. Bwawa lilikuwa na zege gumu na maji mafupi. Lilipokarabatiwa katika miaka ya 1980 likawekwa sakafu yenye chengachenga, nazo zikakwaruza nyayo, vidonda vikaingia uchafu. Pengwini wakatolewa mwaka 2004, na mwaka 2011 wakapewa ufuko wa mchanga na kokoto wenye bwawa kubwa. Lile la Lubetkin likabaki kavu, maana sheria inalilinda kama jengo la thamani kuu na haliwezi kubomolewa.

Ndovu nao walijengewa nyumba nzito ya zege iliyokamilika mwaka 1965, yenye kuta zilizochongwa mistari kama ngozi yao. Ilikuwa nzuri, tena ndogo. Mwezi Oktoba 2001 mtunzaji mmoja aliuawa na ndovu, na mwaka uo huo ndovu wote wakahamishiwa Whipsnade. Ndovu walikuwa wamekaa Regent's Park tangu miaka ya 1830.

Na gorila? Guy, aliyetoka Kameruni, aliletwa mwaka 1947 akiwa mtoto. Akawa dume kubwa lenye sura ya kutisha, lakini shomoro wakiingia kizimbani mwake aliwashika taratibu, akawatazama, akawaacha waruke. Kwa zaidi ya miaka 20 hakuwa na mwenzake. Alikufa mwaka 1978 alipokuwa akitibiwa meno. Mwaka 2007 gorila wakajengewa kisiwa chenye majani na miti, waishi kama jamaa.

Mabadiliko hayo yaligharimu fedha, na fedha zilikuwa haba. Wageni waliokuwa zaidi ya milioni 3 mwaka 1950 walipungua sana, hata mwaka 1991 bustani ikatangaza kwamba huenda ikafungwa. Iliokolewa na michango ya watu, pamoja na paundi milioni moja za Amiri wa Kuwait. Swali likawa kubwa: ikiwa mtoto wa London aweza kumwona simba katika televisheni, bustani ni ya nini?

Jibu lililo bora, kwa maoni yangu, limo katika habari za choroa mweupe wa Arabuni. Mwaka 1962 Ian Grimwood, mkuu wa walinzi wa wanyamapori wa Kenya, aliongoza msafara jangwani, kaskazini mashariki ya Aden, akakamata choroa wanne kabla bunduki hazijawamaliza. Mmoja alikufa. Watatu wakaletwa Isiolo, wakatunzwa huko kwanza, kisha wakapelekwa bustani ya Phoenix katika Marekani. London ikamtoa jike mmoja, na wengine wakatolewa na watawala wa Kuwait na Saudia. Wote wakawa tisa. Mwaka 1972 choroa wa mwisho wa porini aliuawa. Wale wa bustanini wakazaa, na mwaka 1982 kundi la kwanza likaachiliwa katika jangwa la Oman, watu wa kabila la Harasis wakiwa walinzi wake. Wakaongezeka kupita 400. Kisha tangu 1996 majangili wakaanza kuwakamata hai na kuwauza, wakapungua vibaya. Hata hivyo makundi ya nchi nyingine yalisimama imara, na mwaka 2011 choroa huyo hakuhesabiwa tena miongoni mwa wanyama walio karibu sana kutoweka.

Ndiyo maana orodha ya wanyama wakubwa wa London ni fupi kuliko ya babu zetu. Simba wake ni wa Bara Hindi, ambao porini wanaishi katika nchi ya Gujarat peke yake. Mwaka 2020 walihesabiwa 674. Makao yao mapya yalifunguliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 2016.

Nalo lile tundu kubwa la ndege la mwaka 1965, wavu wa alumini uliotandazwa juu kama hema, lilibadilishwa mwaka 2022. Ndege walitolewa, wakaingizwa mbega weusi kwa weupe, jamaa za wale wa misitu ya Mlima Kenya. Wageni hupita ndani kwa miguu, bila vyuma katikati, na mbega huruka juu ya vichwa vyao kwenye kamba na matawi.