Kutoka Nyakuron hadi kiti cha rubani wa vita: njia inayopita nje ya nchi

JUBA. Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron, jijini Juba, kinajulikana kwa muziki, sherehe na mikutano. Ukumbi huo ndio ulioandaa kikao cha viongozi wa chama tawala cha SPLM Desemba 14 na 15, 2013. Usiku wa siku ile ya pili risasi zilianza kulia jijini, na nchi iliyokuwa huru kwa miaka miwili tu ikaingia vitani.

Majeshi ya Uganda yalivuka mpaka mara moja kuisaidia serikali ya Rais Salva Kiir, na Januari 2014 Rais Yoweri Museveni alikiri hadharani kwamba wanajeshi wake wanapigana. Ndege na helikopta za Uganda zilikuwa sehemu ya operesheni hiyo. Vita vilikuwa vya Wasudan Kusini, lakini kwenye viti vya marubani hao hapakuwa na kijana wa Nyakuron, wa Munuki wala wa Kator.

Swali ambalo kijana wa mitaa hiyo anaweza kujiuliza ni jepesi kulitamka: kuna njia gani ya kufika kwenye kiti hicho? Jibu linagusa mwili wake, lugha yake, majirani zake na hata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa.

Jeshi la anga la nchi hiyo lilianzishwa mwaka 2008, miaka mitatu kabla ya uhuru. Msingi wake ulikuwa helikopta za Mi-17 zilizonunuliwa Urusi na kuanza kupokelewa mwaka 2010. Mwaka 2016 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kuwepo nchini kwa ndege za L-39, jeti ndogo za viti viwili zilizobuniwa Chekoslovakia kwa ajili ya mafunzo, ambazo pia zinaweza kubeba silaha. Mafunzo kamili ya rubani wa jeti, tangu darasani hadi kwenye mashambulizi, yanadai zana na wakufunzi ambao nchi changa huwafuata ng'ambo.

Mwili kwanza

Safari ya rubani wa vita haianzii uwanjani. Inaanzia kwa daktari. Macho, moyo, masikio na mgongo hupimwa. Hupimwa pia urefu wa paja na kimo cha mtu akiwa ameketi, kwa sababu kiti cha jeti kina baruti chini yake. Ndege ikiharibika, rubani huvuta mpini na kiti kumrusha nje pamoja naye kabla mwavuli haujafunguka. Mwenye mapaja marefu kupita kiasi anaweza kuyavunja magoti yake pale pale, na hata aliyetoka salama huweza kubaki na maumivu ya uti wa mgongo.

Baada ya hapo ni darasani: hesabu, fizikia, hali ya hewa, injini, ramani. Kisha huja ndege ndogo ya propela, mwanafunzi na mkufunzi bega kwa bega, wakipaa na kutua mara nyingi mpaka siku mkufunzi anaposhuka na kumwachia mwanafunzi aruke peke yake. Wengi huchujwa kabla ya kufika kwenye jeti. Wanaobaki hukutana na tatizo jipya, nalo ni muda.

Barabara ya Juba hadi Nimule ina kilomita 192. Kwa gari ni safari ya saa kadhaa. Jeti ya mafunzo inayokwenda kilomita 600 kwa saa inaumaliza umbali huo kwa dakika 19 hivi. Ndani ya dakika hizo mwanafunzi anapaswa kushika njia, kupima mafuta, kuzungumza redioni, kutazama hali ya hewa na kupanga namna ya kutua. Akisubiri jambo litokee ndipo afikiri la kufanya, amekwisha kuchelewa. Ndiyo maana marubani wanafunzi hufanya zoezi lisilogharimu hata shilingi: huketi kwenye kiti cha kawaida, hufumba macho na kuirusha ndege kichwani, hatua kwa hatua, mikono ikigusa swichi zisizokuwepo.

Linalofuata ni uzito. Ndege inapokata kona kali, mwili hukandamizwa kwa nguvu inayopimwa kwa herufi G. Kwenye G 5, mtu wa kilo 70 huhisi kama ana kilo 350, na kofia ya kilo mbili huwa kama kilo kumi shingoni. Damu hukimbilia miguuni. Kwanza rangi hufifia machoni, kisha giza huingia, na mwisho rubani huzimia akiwa bado ameshika usukani. Suruali maalumu hujaa hewa na kubana mapaja na tumbo ili damu ibaki juu, lakini peke yake haitoshi. Rubani hukaza misuli ya miguu na tumbo, huzuia pumzi, kisha huibadilisha kwa haraka kila baada ya sekunde tatu hivi. Huku anakabwa hivyo, anatakiwa aendelee kufikiri.

Mtihani mwingine ni kutouamini mwili. Ndani ya wingu au gizani, sikio la ndani hudanganya. Ndege iliyolala upande huweza kumfanya rubani ahisi ameketi wima kabisa. Waliofuata hisia zao wakaacha kuangalia vipimo wameanguka na ndege zisizo na hitilafu yoyote.

Kila nchi na mwalimu wake

Mwili wa kijana wa Nyakuron hauna tofauti na wa kijana wa Nakasongola au Nanyuki. Tofauti ni nani atamfundisha, na hapo Afrika Mashariki haijawahi kuwa na jibu moja.

Marubani wa kwanza wa kijeshi wa Uganda walifunzwa na Waisraeli katika miaka ya 1960. Idi Amin alipogeukia Urusi ya Kisovieti, zilikuja ndege za MiG, na nyingi ziliteketezwa na makomandoo wa Israel hao hao katika uvamizi wa Entebbe wa Julai 4, 1976. Miaka 35 baadaye Uganda ilianza kupokea Su-30 sita kutoka Urusi, katika mpango wa ununuzi uliogharimu zaidi ya dola milioni 700. Kenya ilichukua F-5 za Marekani kuanzia mwaka 1978, na makao yake ni kambi ya Laikipia, Nanyuki. Tanzania ilielekea China. Ethiopia, jirani wa mashariki wa Sudan Kusini, ilijenga jeshi lake la anga baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa msaada wa wakufunzi wa Uswidi walioongozwa na Carl Gustaf von Rosen.

Kwa rubani, historia hiyo inaonekana kwenye vipimo vilivyo mbele yake. Ndege za Urusi kwa desturi husoma kimo kwa mita na kasi kwa kilomita, ilhali za Magharibi husoma kwa futi na noti. Aliyelelewa kwenye mfumo mmoja hawezi kuamka asubuhi akahamia mwingine. Majirani wanaozungumza Kiswahili kimoja sokoni hawazungumzi lugha moja angani.

Haikuwa hivyo kwa marubani wa kiraia. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilianzisha chuo cha urubani Soroti, Uganda, ili Mkenya, Mtanzania na Mganda wajifunze pamoja. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977 na chuo kikabaki Uganda. Jumuiya iliyofufuliwa ilitia saini itifaki ya ushirikiano wa ulinzi mwaka 2012, na majeshi yake hukutana kwenye zoezi la pamoja la Ushirikiano Imara. Sudan Kusini ilitia saini ya kujiunga Aprili 2016.

Mlango uliofungwa

Hata hivyo, uanachama huo haumpi kijana wa Juba nafasi ya kujifunza kwa jirani. Julai 13, 2018 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2428 la vikwazo vya silaha dhidi ya Sudan Kusini, kwa kura tisa, nchi sita zikijizuia, Ethiopia ikiwa mojawapo. Vikwazo hivyo, ambavyo vimekuwa vikiongezwa muda mwaka hadi mwaka, haviishii kwenye bunduki na ndege. Vinagusa pia msaada wa kiufundi na mafunzo yanayohusu shughuli za kijeshi, isipokuwa kwa masharti maalumu.

Serikali ya Juba inasema nchi huru haiwezi kunyimwa haki ya kujenga jeshi lake. Ni hoja yenye uzito kwa taifa lililopigwa mabomu likiwa halina cha kujibia. Katika vita vya 1983 hadi 2005, Khartoum ilitumia ndege za mizigo aina ya Antonov kudondosha mabomu juu ya vijiji vya kusini. Hata baada ya uhuru, Aprili 23, 2012, mabomu ya ndege yaliangukia soko la Rubkona, karibu na Bentiu.

Lakini hoja ya upande wa pili ina makaburi yake. Machi 2025, mapigano yalipozuka eneo la Nasir katika Jimbo la Upper Nile, mashambulizi ya anga yalifuata na raia wakauawa. Serikali ilisema jeshi lake la anga ndilo lililoshambulia. Mwezi huo huo wanajeshi wa Uganda walirejea Juba. Safari hii waliokuwa chini ya mabomu na walioamuru yadondoshwe walikuwa na pasipoti moja.

Hapo ndipo mafunzo ya rubani wa vita yanapovuka uwezo wa misuli na macho. Sheria za kimataifa za vita zinamtaka atofautishe mpiganaji na raia, na aache kushambulia pale tofauti hiyo isipoonekana. Anatakiwa afanye hivyo akiwa kwenye mwendo wa kilomita kumi kwa dakika. Jeshi linaweza kununua ndege kwa mkataba na kuajiri rubani wa kigeni kwa mshahara. Rubani anayemjua aliye chini, na anayeweza kuulizwa na jamii yake alichofanya, hulelewa kwa miaka mingi, na mpaka sasa Juba haina pa kumlelea.